Mwezi wa siku mbili, maji yakipwa: taa alizoziona msusi wa Muyeye

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msusi, nakaa Muyeye hapa Malindi, karibu na mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti. Mwezi wa Novemba, siku mbili baada ya mwezi kuandama, nilikuwa barazani namalizia kichwa cha mteja, kama saa mbili na nusu usiku. Zikapita taa kumi na tano hivi, rangi ya maziwa, zimejipanga kama kichwa cha mshale ila mshale wenyewe ulikuwa unapindapinda. Hazikuwa na sauti. Zilitoka upande wa mjini, zilipofika juu ya paa la msikiti zikazima zote kwa pamoja. Hazikuchukua hata sekunde sita. Wiki ileile, saa moja na robo jioni, nikaona nyingine zimefuatana mstari mmoja kama ushanga, zikawa zinazima moja baada ya moja, mahali pale pale. Na tangu hapo kila usiku nikitoka nje naona taa moja juu ya bahari inabadilika nyekundu, kijani, buluu. Kila wiki saa ileile naikuta imepanda zaidi. Kaka yangu anasema ni UFO, vyombo vya wageni wa sayari nyingine, na ananionyesha video kwenye simu. Bibi yangu wa Mambrui anasema ni majini wa bahari. Mtaliano mmoja aliyeleta binti yake kusukwa alicheka, akasema ni ndege tu, wanahama. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikushukuru kwa jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Umenitajia saa, umenitajia mwezi, na umenitajia paa la msikiti. Barua nyingi ninazoletewa kuhusu taa za angani husema "juzi usiku" na "juu kabisa", basi. Kwa maneno hayo hata mpiga ramli angerudisha pesa.

Lakini umeuliza swali moja na umeona vitu vitatu. Hapo ndipo kaka, bibi na Mtaliano walipoteleza wote: kila mmoja ana kofia moja, na anataka itoshe vichwa vitatu. Wewe msusi unajua haiwezekani.

Tuanze na zile kumi na tano, maana ndizo zenye mambo.

Uliposema mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, ulinipa saa ya bahari bila kukusudia. Mwezi ukiwa mchanga hivyo, maji ni ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua ya pwani yetu ina saa zake: maji hujaa jioni kama saa kumi au kumi na moja, na hupwa kabisa kama saa nne au saa tano usiku. Saa mbili na nusu basi, wewe ukiwa na kitana mkononi, maji yalikuwa nusu ya safari ya kurudi nyuma, na miamba na mchanga vimeanza kufunuka.

Ndege wa ufuoni hawafuati jua, wanafuata maji. Maji yakijaa hawana pa kula, kwa hiyo hubanana mahali pakavu, mguu mmoja chini, mdomo umefichwa mgongoni, wakisubiri. Maji yakianza kupwa huinuka makundi makundi kwenda kula, iwe adhuhuri au usiku wa manane. Giza haliwasumbui sana. Kitwitwi wengi hawatafuti chakula kwa macho peke yake. Ncha ya mdomo ina hisi, wanachoma mchanga na kugusa kilichomo. Nimekaa mlango wa Sabaki miaka mingi na daftari la kuhesabia ndege, kwanza kama mwalimu wa jiografia anayetafuta kisingizio cha kutoka nyumbani Jumapili, na baadaye kama mtu ambaye hana kisingizio tena kwa kuwa amestaafu. Wakati wa bamvua, jua likishazama, ule mchanga uliojaa ndege jioni huwa unapungua kidogo kidogo gizani. Huwaoni wakiondoka. Unasikia mluzi mwembamba ukipita juu ya kichwa, kisha mwingine, halafu unamulika tochi na kukuta nusu yao hawapo.

Malindi imekaa kati ya vituo viwili vya ndege hao: mlango wa Sabaki upande wa kaskazini, na ghuba ya Mida upande wa kusini, karibu na Watamu. Kati yake kuna fuo na miamba ya kulia chakula. Kwa hiyo kundi linalotoka upande wa mjini na kupita juu ya Muyeye wakati maji yanapwa halinishangazi hata kidogo. Lingenishangaza lisingepita.

Ni ndege gani hasa? Siwezi kuapa kwa ajili ya kundi ambalo sikuliona kwa macho yangu, lakini nikiambiwa niweke kidole, nitakiweka juu ya kitwitwi wenye tumbo jeupe, au juu ya yule ndege mla kaa wa Mida. Huyu mla kaa nampenda kupita kiasi, nivumilie. Ni mweupe karibu mwili mzima, mgongo una weusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Hazaliani hapa. Anazaliana kwenye fuo na visiwa vya Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia, tena hajengi kiota cha vijiti kama ndege wenzake: anachimba shimo mchangani kama kaa anayemla, na humo chini jike hutaga yai moja, jeupe. Hushuka kwetu kuanzia Agosti hivi na kuondoka mwezi wa nne. Usiku huenda kula kama mchana, na wakiruka hujipanga mstari au mshale, chinichini. Sasa fikiria ndege mweupe namna hiyo, wenzake kumi na wanne nyuma yake, akipita juu ya mulika mwizi yako.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo watu hawalikubali kirahisi. "Ndege hana taa, mwalimu." Kweli, hana. Lakini umewahi kusimama kichochoroni usiku wa Ramadhani, watu wanatoka tarawehe? Kichochoro ni giza, kuna balbu moja tu mlangoni mwa duka. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe humwoni kichwa, humwoni miguu. Unaiona kanzu inaelea peke yake, inang'aa kama imewashwa ndani, na akishapita lile duka kanzu inazimika. Hakuna aliyeizima. Imetoka kwenye mwanga, basi.

Mulika mwizi ni balbu ya duka iliyopandishwa juu ya mlingoti. Imefungwa imulike chini, lakini mwanga mwingi hupiga barabara, mabati na kuta, ukarudi juu. Tumbo jeupe la ndege likipita ndani ya mwanga huo, na nyuma yake kuna anga nyeusi isiyo na mwezi, jicho lako linaona doa la maziwa lisilo na mabawa. Mabawa yanapiga haraka mno na yana rangi iliyofifia, hayaonekani. Na ukingo wa mwanga ni kama ukuta: ndege wakiuvuka wanazimika wote karibu kwa mpigo mmoja. Ndiyo sababu zilizimia juu ya paa la msikiti. Nilikutumia ujumbe nikuulize msikiti uko upande gani wa mlingoti, ukanijibu kwamba uko upande wa pili, mwanga unapoishia na minazi inapoanzia. Hilo peke yake lilinitosha nusu.

Nusu ya pili ni mwendo. Nilikuomba unyooshe mkono, ukunje ngumi, ufumbe jicho moja na upime zile taa zilikata ngumi ngapi za anga. Ukasema ngumi sita. Ngumi ya mkono ulionyooka hufunika nyuzi kama 10, kwa hiyo taa zako zilikata nyuzi 60 kwa sekunde sita. Sasa tufanye hesabu tatu.

Kama walikuwa ndege wa ufuoni, ambao huenda kama mita 15 kwa sekunde bila kujisumbua, basi kwa sekunde sita walikwenda mita 90, na ili mita 90 zijaze nyuzi 60 za anga lako ilibidi wawe kama mita 80 juu ya kichwa chako. Minazi minne ikipandana. Kitu cha kawaida kabisa. Kama zilikuwa kwenye kimo cha ndege kubwa za abiria, kilomita 10, basi zilikuwa zinakwenda karibu kilomita 7,000 kwa saa, zaidi ya mara tano ya mwendo wa sauti, na Muyeye nzima ingesikia mlipuko wa hewa ikatoka nje na watoto mgongoni. Kama zilikuwa satelaiti, kilomita 550 juu, basi zilikimbia zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, na satelaiti ya kimo hicho haiendi hata nane.

Angalia kilichotokea: taa ni zilezile, sekunde ni zilezile, na mwendo umepaa kutoka wa bodaboda mwenye haraka hadi wa ajabu, kwa sababu tu tumebadilisha kimo. Usiku jicho halipimi umbali wa doa la mwanga. Haliwezi. Linakisia, na mara nyingi linakisia mbali, kwa kuwa tumezoea kwamba taa zilizo angani ni nyota. Hadithi nyingi za vyombo vinavyokimbia kuliko ndege za kivita zinaanzia kwenye makisio hayo. Mtu anasema kwa uaminifu kabisa "zilikuwa juu sana", na kila kitu kinachofuata kinajengwa juu ya neno hilo moja.

Kisa kama chako kilishawakuta watu wasomi. Agosti 1951, katika mji wa Lubbock, Texas, maprofesa wa chuo cha mji huo walikuwa wameketi uani jioni wanapiga soga, zikapita taa kadhaa zimejipinda kama upinde, kimya, kwa sekunde chache. Wakaziona tena siku nyingine. Kijana mmoja akapiga picha, magazeti yakashika moto. Mji huo ulikuwa umeweka taa mpya za barabarani, zile za mvuke wa zebaki, na kuna waliosema ni ndege wa ufuoni wanaomulikwa tumbo. Mzee mmoja wa mji jirani wa Brownfield aliziona juu ya nyumba yake mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu zikalia, naye akaitambua sauti. Ndege. Lakini sitaki nikuuzie kisa hicho kama kimefungwa. Edward Ruppelt, ofisa wa jeshi la anga la Marekani aliyekichunguza, aliandika baadaye kwamba taa walizoona maprofesa hazikuwa ndege wala vyombo kutoka sayari nyingine, zilikuwa jambo la kawaida la asili, na akakataa kutaja ni lipi. Katika toleo la baadaye la kitabu chake akasema walikuwa nondo waliomulikwa na taa za barabarani. Mimi nadhani mzee wa Brownfield alikuwa na ushahidi bora kuliko wote, kwa kuwa alisubiri mara ya tatu na akatega sikio.

Wewe unasema hazikuwa na sauti. Barazani kwako kulikuwa na redio? Kulikuwa na pikipiki stendi? Kilio cha mla kaa kinasikika vizuri ufuoni, lakini kwenye mitaa ya mji hata bodaboda mmoja anatosha kukimeza.

Nikiri kosa langu, usije ukadhani mwalimu hajui kuchekwa. Mwaka mmoja nilikuwa na wageni karibu na Mida, usiku, na madoa meupe yakapita juu ya taa za hoteli moja. Nikawapa hotuba nzima: ndege hawa wametoka Siberia, wanazaliana tundra, tazameni walivyojipanga. Walitazama kweli. Mgeni mmoja alikuwa na darubini, akaniuliza kwa adabu kwa nini ndege wangu wana kamba. Yalikuwa maputo meupe, harusini. Tangu siku hiyo sisemi "ni ndege" kabla sijaona mstari ukipinda. Maputo huenda na upepo, yote kwa mwendo mmoja. Ndege hubishana: mmoja anabaki nyuma, anakaza mbawa, anawafikia, anayeongoza anachoka na kurudi pembeni. Ule mshale wako "uliopindapinda" ndio ulionishawishi kuliko weupe wake.

Sasa Mtaliano. Amekaribia, lakini amekosea neno moja: "wanahama". Ndege walio safarini hasa, wanaotoka Urusi au Uarabuni kuja kwetu, wengi husafiri usiku, ni kweli, lakini hupita mamia ya mita juu, mara nyingi kilomita na zaidi. Mwanga wa Muyeye hauwafikii. Kundi uliloliona wewe lilikuwa limeshafika, limeshapanga chumba, na usiku ule lilikuwa linakwenda kula. Tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayetaka kuwaona tena, maana anayehama hupita mara moja, na anayekwenda kula atarudi bamvua ijayo kwa ratiba.

Wale wa juu huonekana wakishushwa tu. Kwenye hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi, juu ya kilima, usiku wa Novemba na Desemba ambao hauna mwezi na ukungu umeshuka, ndege wadogo wanaosafiri hupotezwa na ukungu, wakaona taa za hoteli, wakateremka kwa maelfu. Tangu 1969 watu huenda pale kila msimu kuwanasa kwa nyavu laini, kuwavalisha pete miguuni na kuwaachia. Nchini Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mitambo ya rada ilikuwa inaonyesha vitu ambavyo si ndege za kivita wala meli, wakaviita malaika. Mwishowe wataalamu wa ndege, David Lack akiwa mmoja wao, wakaonyesha kwamba wengi wa malaika hao wana manyoya. Bibi yako atacheka: kwake huku ni majini, kwa Waingereza ni malaika, na ndege ni yuleyule.

Ushanga wa saa moja na robo hauna uhusiano wowote na ndege, na hapa namnyang'anya Mtaliano kofia yake. Hizo ni satelaiti za Starlink, za kampuni ya SpaceX. Hurushwa nyingi kwa roketi moja, kundi la kwanza kubwa lilikuwa na 60, Mei 2019. Siku za mwanzo huwa bado zimefuatana, karibu kilomita 300 juu, kisha hupandishwa polepole hadi juu zaidi na kutawanyika, na ushanga unakatika. Ndiyo maana uliziona wiki moja tu. Hazina taa nazo. Zinang'aa kwa jua. Novemba jua la Malindi huzama saa kumi na mbili na dakika chache, lakini kwa kitu kilicho kilomita 300 juu bado halijazama, kama vile kilele cha mnazi kinavyobaki na mwanga wakati shina limeshaingia gizani. Kivuli cha dunia hupanda kutoka upande wa bahari, na kila satelaiti ikifika kwenye ukingo wake inazimika, inayoifuata inafika palepale inazimika. Ndiyo sababu zilizima moja moja, mahali pamoja, na zile za kwanza zilizima kwa pamoja. Ukingo wa kivuli na ukingo wa mulika mwizi: ukivitenganisha hivi viwili, umeshamaliza nusu ya taa za Malindi.

Na kuna kanuni moja ya saa inayofaa huku kwetu, karibu na ikweta, ambako jua hushuka wima. Kufikia saa mbili na nusu usiku, Novemba, satelaiti za kimo hicho zikiwa juu ya utosi wako zimo kivulini, hazionekani. Kwa hiyo kaka yako akikuambia zile kumi na tano nazo zilikuwa Starlink, mwambie saa inakataa. (Nasikia ulinitumia video ya ushanga kwa intaneti ya jirani mwenye sahani ya Starlink juu ya paa. Hilo nimelipenda.)

Kuhusu video za kaka. Kamera ya simu gizani huhangaika kutafuta kitu cha kukazia macho, ikishindwa hufanya doa la mwanga livimbe, na doa likivimba kwenye lenzi huwa duara. Duara linalong'aa angani: sahani tayari. Mbu na kumbikumbi wakipita karibu na lenzi huwa mistari yenye mabawa pembeni. Sisemi kila video ni ya uongo. Nasema simu ile ilitengenezwa kupiga harusi.

Taa ya tatu ilinifanya kwanza nifikirie karabai za wavuvi, ambazo siku hizi nyingi ni taa za betri, maana usiku hewa ikiwa tulivu baharini mazigazi huinua taa ya chombo ikaonekana imening'inia juu ya maji. Lakini wewe umesema kila wiki saa ileile iko juu zaidi. Chombo cha wavuvi hakina nidhamu hiyo. Nyota inayo. Kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana yake, kwa wiki karibu nusu saa, kwa wiki mbili saa nzima, ambayo kwa ngumi yako ni ngumi moja na nusu. Katikati ya Novemba, saa tatu na kidogo usiku, kusini kidogo ya mashariki, juu ya bahari ya Malindi, inachomoza Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ambayo imetajwa kwa jina katika Sura ya An-Najm, aya ya 49. Yenyewe ni nyeupe. Inapokuwa chini, mwanga wake unakatiza hewa nene iliyojaa joto na unyevu wa bahari, hewa inautikisa na kuupasua, na jicho linapata kipande chekundu, kisha cha kijani, kisha cha buluu, kama ushanga wa kioo unapouzungusha juani. Ikipanda ngumi nne au tano hutulia. Mwanga unaouona wewe usiku wa leo uliondoka huko miaka zaidi ya minane iliyopita, kabla hujaanza kusuka kwa pesa.

Basi UFO je? Neno lenyewe maana yake ni kitu kinachoruka ambacho hakijatambuliwa. Kwa siku chache ulikuwa nazo tatu, kwa haki kabisa. Kosa linaanza pale "sijakitambua" inapogeuzwa "nakitambua, ni mgeni wa sayari nyingine". Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 hadi lilipofunga mradi wake wa uchunguzi mwaka 1969, na 701 zilibaki bila jina. Kaka atazishika hizo 701. Mimi ningemuuliza ni ngapi kati yake mtu alitaja saa, mwezi na paa la msikiti.

Vyuma vya binadamu huja kutoka juu kweli, hilo tusimnyime. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo kama 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na watu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya wakaenda kuichukua. Na bibi yako wa Mambrui, muulize vizuri. Ngomeni si mbali na kwao. Kuanzia miaka ya 1960 Waitaliano walirusha roketi pale kutoka kwenye majukwaa yaliyosimama baharini, na Desemba 12, 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu, waliirushia Marekani satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezewa kazi ya kutazama nyota kwa eksirei peke yake. Ikiwa alikuwa msichana wa miaka kumi na tano wakati huo, ameona moto ukitoka baharini na kupaa mbinguni kabla mimi na wewe hatujajua neno satelaiti. Kuhusu majini, mwanangu, mimi sina darubini ya kuyapima, na sitabishana na bibi wa mtu. Ila zile kumi na tano nina saa yake ya kuondoka.

Mwezi ukiandama tena, siku ya pili, nenda Mambrui umchukue bibi kama miguu yake inakubali, mfike karibu na mlango wa Sabaki saa kumi jioni. Maji yatakuwa yanajaa na ndege wamebanana mchangani. Mla kaa utamtambua kwa weupe wake. Kaeni hadi saa mbili, migongo yenu ielekee taa za barabara, na zimeni simu. Mtasikia kabla ya kuona. Msiende peke yenu, tafuteni mmoja wa vijana waongozaji wa pale, na msikae ukingoni kabisa mwa mto: giza likiingia viboko hutoka kula nyasi, na hao hawana haja ya mulika mwizi.